Motere ya Mlango wa Garaji: Tazama Mlango Mbele ya Kutazama Motere

USALAMA NA AFYA: Somo la mwezi



Motere ya kufungua mlango wa garaji inauzwa ndani ya karto, pamoja na telekomandi, visi na kitabu cha maelezo. Mtu mwenye ngazi, mashini ya kutoboa na rafiki mmoja anaweza kuiweka siku ya Mungu, kisha kutoka misa. Mangaribi anabonyeza, mlango unapanda peke yake, watoto wa jirani wanapiga makofi.

Ni kitu kizuri, hatukikatazi. Lakini ni mashini, na kila mashini ina sheria yake. Kazini tunajua sheria hiyo: hakuna mtu anayetia mkono katika mashini mbele ya kukata umeme, kufunga kadenasi na kutundika kibao. Nyumbani, mtu yuleyule anapanda ngazi bila kaski wala miwani, anaanza kulegeza visi asiyoijua. Somo la leo ni kwa ajili yake.

Tunasema juu ya mlango unaopanda juu na kulala chini ya dari. Garaji yenye milango miwili ya kusukuma inaomba motere ya namna ingine.

1. NANI ANABEBA MLANGO?

Uliza watu kumi, tisa watajibu: motere. Si kweli.

Mlango wa chuma wa garaji ya gari moja unaweza kuwa na uzito wa kilo 70. Ule wa magari mawili unaweza kupita kilo 100. Lakini mama anauinua kwa mkono mmoja. Namna gani? Ni kwa sababu resori inabeba uzito. Mlango unaposhuka, resori inakazwa na kuweka nguvu ndani yake. Mlango unapopanda, resori inarudisha nguvu ile.

Wale waliotumika chini ya udongo, Kipushi ao Kamoto, wataelewa upesi. Kaji ya kushusha watu shimoni haivutwi na motere peke yake. Upande wa pili wa kamba kuna kaji ingine ao uzito unaoshuka wakati ile inapanda. Motere inavuta tofauti tu. Garaji ni vile vile: resori ni uzito wa upande wa pili.

Kwa hiyo shika neno hili, maana somo lote liko ndani yake: resori inabeba mlango, motere inausukuma tu. Ikiwa resori imechoka, motere haiuponyeshi mlango. Inauficha ugonjwa wake. Wakati wa kufungua kwa mkono, mkono ulikuwa unakuambia: "Leo mlango ni mzito kuliko jana." Motere haina ulimi. Itavuta mlango mzito leo, kesho na kesho kutwa, mpaka siku resori itakapokatika. Siku ile, kilo 70 zinatafuta njia ya kushuka.

2. JARIBIO LA MKONO

Mbele ya kufungua karto, fanya jaribio hili. Halina bei, linaomba dakika mbili.

a) Funga mlango. Tazama resori, kamba za chuma, magurudumu madogo na reli. Kamba yenye nyuzi zilizokatika, resori yenye nafasi kati ya mizunguko yake mahali ilipokatika, gurudumu lililotoka katika reli: ukiona kimoja tu kati ya hivi, simama hapo. Usiinue mlango.

b) Ikiwa yote ni mazima, inua mlango kwa mikono polepole mpaka nusu ya njia, karibu metri moja toka chini. Watu wote wakae mbali, na miguu yako isiwe chini ya mlango.

c) Punguza nguvu ya mikono kidogo kidogo, bila kuondoa mikono ghafula.

Mlango mzuri unabaki pale pale, ao unasogea kidogo tu. Mlango unaotaka kuanguka una resori iliyochoka. Mlango unaokimbia juu una resori iliyokazwa kupita kipimo. Yote mawili yanaomba fundi wa milango, si motere yenye nguvu zaidi. Kununua motere kubwa kwa sababu mlango ni mzito ni sawa na kumnyweshea mgonjwa pombe ili atembee.

Hapa ndipo onyo kubwa la somo hili. Usilegeze resori wewe mwenyewe. Resori ya juu ya mlango, ile inayozunguka bomba la chuma, imekazwa sana wakati mlango umefungwa. Visi zake zikilegezwa bila vyuma vyake maalumu na bila ujuzi, nguvu yote inatoka mara moja, na chuma ulichoshika kinaweza kuvunja mkono, meno ao kichwa. Usiguse pia vyuma vya chini ya mlango ambapo kamba za chuma zimefungwa, kwa sababu navyo vinavutwa na nguvu ileile. Na kama resori zako ni zile ndefu zinazovutika pembeni ya reli, angalia kama kamba ya chuma ya usalama inapita ndani ya kila moja. Bila kamba hiyo, resori ikikatika inaruka kama jiwe la manati.

Resori inadumu muda gani? Resori nyingi za kawaida zinatengenezwa kwa karibu mara 10.000 za kufungua na kufunga. Fanya hesabu. Nyumbani, mara 4 kwa siku, inakuwa siku 2.500, maana yake chini ya miaka 7. Lakini garaji ya ateliye yenye magari yanayoingia na kutoka mara 30 kwa siku inamaliza hesabu ile kwa siku 333. Mwaka haujaisha!

3. MBELE YA KUPANDA NGAZI

Mlango umefaulu jaribio. Sasa tayarisha kazi.

Soma kitabu cha maelezo chote. Kama lugha yake inakushinda, tafuta mtu wa kukusomea. Vipimo vya motere yako ni vile vya kitabu chake. Sisi tunakupa sheria zinazofaa karibu motere zote.

Toa kamba zote za kuvutia mlango, kwa sababu zinaweza kunasa mtu ao kitu wakati mlango unapanda. Toa ao funga wazi makufuli ya zamani: motere ikivuta mlango uliofungwa kwa kufuli, itapinda mlango.

Ondoa gari na vitu vyote. Watoto wakae nje, kwa upande wa nyumba. Vaa kaski, miwani ya kazi na viatu vigumu. Saruji ya dari inapotobolewa inaangukia macho. Kuwe watu wawili: mmoja juu ya ngazi, mwingine anashika ngazi na kupitisha vyombo.

4. KUWEKA MOTERE

Kwanza: kusanya reli na motere chini, juu ya karto, si juu ya ngazi.

Pili: tafuta katikati ya mlango na uiandike kwa chaki mpaka juu ya ukuta. Inua mlango polepole kwa mkono, uone mahali ukingo wake wa juu unapofika juu kabisa. Reli ya motere inapaswa kupita juu ya mahali pale, kwa nafasi ambayo kitabu kinaonyesha. Wanaosahau kipimo hiki, mlango wao unagonga reli siku ya kwanza.

Tatu: kaza kishikio cha mbele katika saruji, katika chuma ao katika ubao mnene. Usikikaze katika tabaka la juu la ukuta, lile la kulainisha tu, wala katika tofali lililopasuka. Kila mara mlango unapoanza kupanda, kishikio kile kinavutwa.

Nne: tundika motere kwa vyuma vya pembe na buloni, katika mti wa paa ao katika saruji. Plafo haibebi kitu. Motere ikae juu ya kichwa cha mtu mrefu, angalau metri 2,10 toka chini.

Tano: funga mkono wa motere katikati ya sehemu ya juu ya mlango. Kama bati la mlango ni jepesi, weka kwanza chuma cha kukaza sehemu ile kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Bila chuma kile, motere itakunja bati kama kifuniko cha kopo.

Kazi hii yote inafanywa bila umeme. Waya wa motere usiingie katika prizi hata kidogo mpaka vyuma vyote vikazwe na kuangaliwa mara ya pili.

5. UMEME

Motere ipate prizi yake, karibu nayo, yenye waya wa udongo. Usitumie waya wa kuongeza unaoning'inia juu ya gari, wala waya wa pili-pili uliofungwa kwa plastiki. Prizi ilindwe na disionktere ya kukata umeme mtu anapoguswa, ile ya miliamperi 30. Kama hujui kama nyumba yako inayo, ita fundi wa umeme. Kazi ya nyaya si ya kujaribu.

Batani ya ukuta iwekwe metri 1,50 ao zaidi toka chini, ili mtoto mdogo asiifikie, na mahali ambapo anayebonyeza anaona mlango wote. Anayebonyeza bila kuona ni kama dereva anayerudisha lori nyuma bila kutazama kioo.

6. MACHO YA UMEME NA KIPANDE CHA UBAO

Katika Marekani, makumi ya watoto walikufa wakiminywa chini ya milango ya motere mbele ya sheria kukazwa. Kwa sababu hiyo, motere za nyumba zinazotengenezwa kwa kuuzwa kule tangu tarehe 1 Januari 1993 zinaombwa kuwa na ulinzi wa pili. Ulinzi wa kwanza: mlango ukigusa kitu wakati unashuka, urudi juu ndani ya sekunde 2. Wa pili ni, kwa mfano, macho ya umeme: jicho moja linatuma mwangaza usioonekana, lingine linaupokea, mwangaza ukikatwa, mlango unarudi juu mbele ya kumgusa mtu. Katika nchi za Ulaya pia kuna kipimo: mlango wa motere unapomgusa mtu katika nafasi ya kuminya, nguvu yake isipite niutoni 400, karibu uzito wa kilo 40, na ishuke kwa chini ya sekunde moja.

Kumbe kila jicho na kila waya ulio katika karto yako umewekwa pale kwa sababu ya mtoto fulani. Usiyaache ndani ya karto kwa kusema, "Mlango unatembea bila hayo."

Macho yawekwe moja kila upande wa mlango, yakitazamana, si zaidi ya santimetri 15 toka chini. Ukiyaweka juu kwenye kiuno, mwangaza utapita juu ya mtoto anayetambaa. Wapo wanaofunga macho yote mawili pamoja karibu na motere, yatazamane pale juu, ili mlango usiwasumbue. Huyo amempofusha mlinzi wake mwenyewe.

Kisha pima nguvu. Motere ina mahali pa kuongeza na kupunguza nguvu ya kushuka. Anza na nguvu ndogo kabisa inayotosha. Halafu fanya majaribio mawili:

Jaribio la ubao: laza chini, katikati ya njia ya mlango, kipande cha ubao chenye unene wa santimetri 4 hivi. Fungua, kisha funga. Mlango ukigusa ubao unapaswa kurudi juu. Ukisimama juu ya ubao ao ukiendelea kuuminya, zima motere, upime tena kama kitabu kinavyoonyesha.

Jaribio la jicho: mlango ukiwa unashuka, pitisha ufagio wenye mpini mrefu mbele ya jicho, nawe ukae pembeni. Mlango unapaswa kurudi juu mara moja.

Usitumie mkono wako, mguu wako wala kichwa cha mtu kwa majaribio haya. Motere isiyofaulu haitumiwi. Toa waya katika prizi, fungua mlango kwa mkono, mpaka itengenezwe.

7. KAMBA NYEKUNDU

Chini ya reli inaning'inia kamba yenye kishikio, mara nyingi chekundu. Ukiivuta, motere inaachana na mlango, na mlango unafunguliwa kwa mkono. Kwetu, ambapo umeme unaweza kukatika wakati wowote, kamba hii ni ya kila mtu wa nyumba kuijua. Iwe karibu metri 1,80 toka chini: mtu mzima aifikie, mtoto asiichezee.

Ivute mlango ukiwa umefungwa. Kama mlango uko juu na resori imechoka ao imekatika, kuvuta kamba ni kuuangushia mlango watu walio chini. Ikiwa hakuna njia ingine, ondoa watu wote kwanza, wala usisimame chini yake.

Garaji isiyo na mlango mwingine wa kuingilia inaomba kifungulio cha nje chenye ufunguo. Bila hicho, umeme ukikatika, gari linabaki ndani na mgonjwa wa usiku hapelekwi lopitali.

Na sasa dawa ya motere isiyo na ulimi: mara moja kila mwezi, funga mlango, vuta kamba nyekundu, kisha rudia jaribio la mkono. Mkono ukiambiwa kwamba mlango umekuwa mzito, ita fundi mbele ya resori kukatika. Siku ileile fanya jaribio la ubao na la jicho, pangusa vumbi katika macho. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara linafunika macho upesi, mlango unakataa kufunga, na mwenye nyumba anakasirikia motere wakati inamwomba kitambaa tu.

8. KWA WALE WA ATELIYE

Motere ya nyumba isiwekwe katika ateliye. Haikutengenezwa kwa mlango wa lori wala kwa kufunguliwa mchana kutwa. Itapata moto na kusimama, ao itachoka upesi. Milango mikubwa ni kazi ya watu wa matengenezo, kwa ruhusa ya shefu, na umeme ukiwa umekatwa na kufungwa kwa kadenasi.

Lakini kadenasi ya umeme haitoshi hapa. Umeme ukikatwa, resori ingali imekazwa na mlango ulio juu ungali mzito. Mbele ya kutengeneza, mlango ufungwe mpaka chini, ao ushikwe juu kwa vyuma vya kuuzuia. Ikiwa batani ya mlango ni ile ya kushikilia mpaka mwisho, usiifunge kwa gundi ya karatasi ao kijiti ili ubaki huru. Kidole chako juu ya batani ndicho breki ya mlango ule.

9. MTOTO NA MOSHI

Mambo mawili ya kumalizia.

Telekomandi si kitu cha kuchezea. Isikae juu ya meza. Waambie watoto, na uwaambie tena: hakuna kukimbia chini ya mlango unaotembea, hakuna kushindana nao, hakuna kutia vidole kati ya mbao zake zinapokunjana. Nawe baba, usipite mbio chini ya mlango unaoshuka mbele ya macho yao. Mtoto anafuata miguu yako kuliko maneno yako.

Usiwashe gari ao grupu ya umeme ndani ya garaji iliyofungwa. Moshi wake una gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Inachukua mahali pa hewa safi ndani ya damu, mtu anaumwa kichwa, analegea, analala asiamke. Hata mlango ukiwa wazi, grupu ikae nje, mbali na madirisha. Kwanza mlango ufunguke wote, halafu gari liwashwe na litoke.

MAULIZO YA KUJIPIMA

Jibu bila kutazama juu. Ulizana na mwenzako wakati wa kupumzika.

1. Nani anabeba mlango: motere ao resori?
2. Mlango ulioachwa nusu ya njia unaanguka. Utafanya nini mbele ya kununua motere?
3. Macho ya umeme yawekwe santimetri ngapi toka chini, na kwa sababu gani?
4. Kwa nini kamba nyekundu ivutwe mlango ukiwa umefungwa?
5. Katika ateliye, umeme umekatwa na kadenasi imefungwa. Hatari gani ingali juu?

Ukishindwa jibu moja, rudia sehemu yake. Na usiku wa leo, ukifika nyumbani, tafuta kipande cha ubao cha santimetri 4, ukiweke nyuma ya mlango wa garaji. Ni chombo cha usalama kama kaski yako.

Ndugu, mlango ulio juu unakungojea. Usalama kwanza!